Thuraya Aboud na Kasha Lililofukizwa Udi

Tarehe 30 Oktoba 2025 Mhandisi Thuraya Aboud anastaafu, baada ya kulitumikia Shirika letu la Mawasiliano ya Pwani na Visiwa kwa miaka ishirini na minane. Alianza mwaka 1997 katika chumba cha redio cha Kismayo, chumba cha bati ambamo mtu aliingia mkavu akatoka ameloa jasho. Anaondoka akiwa mkuu wa Idara ya Upozaji, na mtambo mmoja wa idara hiyo hauko Kismayo wala Mombasa. Uko juu, nje ya hewa, ukiizunguka dunia. Kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, haikubadilika tangu siku ya kwanza. Ilikuwa kuliondoa joto mahali lisipotakiwa.

Alizaliwa kisiwani Koyama, binti wa fundi wa vyombo vya baharini, katika nyumba ambayo kila mtu alijua kupima kwa jicho na hakuna aliyeamini jicho la mwenzake. Alisomea ufundi wa majokofu Mogadishu, akamaliza muda mfupi kabla ya vita. Aliporejea pwani aliikuta Kismayo haina jokofu la kutengenezwa, kwa kuwa yaliyokuwapo yalikuwa yamebebwa, na visiwani watu wengi walikuwa wameondoka. Wengine tulikuwa tumeshafika Mombasa, na tulikuwa tukiambiana kwamba ni kwa miezi michache.

Vijana wa shirika huenda hawaijui taar. Ilikuwa redio ya masafa marefu: mtu wa Kismayo aliketi mbele ya kipaza sauti, ndugu yake akaketi mbele ya kingine Mombasa, na kila aliyekuwa kwenye foleni akasikia habari zao. Mimi nilikuwa upande wa Mombasa, na kwa miaka sita nilimjua Thuraya kwa sauti tu. Mashine yake ilikuwa kongwe, ilichemka kila mtu alipozungumza sana. Na watu wetu, kama mjuavyo, hawaanzi habari kabla ya kumaliza salamu. Siku moja mzee mmoja wa kisiwa cha Chovai alikuwa amefika kwa shangazi wa nne nilipomsikia Thuraya akimkatiza: “Ami, mashine inaungua. Salimu kwa jumla!”

Mzee akajibu bila haraka, “Mashine ni mashine, mwanangu, mchu ni mchu. Na iungue. Bado wachachu.”

Watatu, yaani. Thuraya akakamata upepeo wa ukindu, akaipepea ile mashine kama mgonjwa mpaka shangazi wa saba akasalimiwa kwa jina lake. Hadi leo, ofisi ya Mombasa, mtu akiwa na haraka tunamwambia asalimu kwa jumla.

Jina lake nalo lilimletea mzaha. Simu za satelaiti zilipoingia Kismayo zikiwa na jina kama lake, wateja walifika dirishani wakiuliza Thuraya ni bei gani kwa dakika. Alikuwa akiwajibu, “Inategemea umeniudhi kiasi gani.”

Taar ikapisha simu, simu ikaleta kompyuta, na kompyuta zikaleta joto kuliko vyote vilivyotangulia. Thuraya ndiye aliyejenga chumba cha seva cha Kismayo, akakiwekea viyoyozi na jenereta la akiba, akawa analinda ule ubaridi kama watu wengine walindavyo dhahabu. Ramadhani moja aliingia humo akakuta majagi ya maji ya ukwaju yamepangwa nyuma ya seva, yanapozwa kwa ajili ya magharibi. Akasimama mlangoni akauliza, “Seva hazifungi. Futari hii ya nani?” Hakumwadhibu mtu. Aliokota mabaki ya kiyoyozi kibovu, akaunda jokofu dogo, akaliweka ukumbini, mbali na seva. Jokofu hilo bado linafanya kazi, na sasa hata ofisi jirani huleta majagi yao.

Kazi iliyomfanya ajulikane nje ya pwani yetu ilianza mwaka 2020. Shirika liliungana na mashirika mawili ya ng'ambo kurusha satelaiti ndogo ya kusikiliza redio za mkononi za watu wa visiwani, huko ambako minara ya simu haifiki. Fungu letu lilikuwa kasha la kompyuta, kubwa kama kasha la viatu. Kazi yake ni kupokea ishara hafifu kutoka kwenye chombo kilicho baharini, kuitenga na kelele, na kuishusha Kismayo ikiwa maneno yanayosomeka.

Wengi wetu tulidhani upozaji ndio ungekuwa rahisi kuliko yote. Si huko juu ni baridi? Katika kikao cha kwanza mjumbe mmoja alipendekeza kwamba idara ya Thuraya ipunguziwe watu, kwa sababu anga lenyewe lingefanya kazi yao bila mshahara. Kikao kilichofuata Thuraya alikuja na chupa ya chai. Akammiminia kila mtu, ikatoka inafuka. Akauliza inaonekana imepikwa saa ngapi. Ilikuwa ya alfajiri, na wakati huo adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia.

“Kati ya kuta mbili za chupa hii hamna hewa,” akasema. “Joto halina wa kumpa mkono likatoka. Basi kompyuta yetu ndiyo chai, na huko juu kote ni chupa.”

Watu wake hawakupunguzwa.

Naeleza kwa ufupi, kama alivyotueleza. Hapa duniani kompyuta hupozwa na hewa: feni inasukuma, joto linachukuliwa. Pasipo hewa feni huzunguka bure. Joto la kompyuta iliyo angani hutoka kwa njia moja tu: lipitie kwenye shaba hadi kwenye bamba la nje, na bamba liliangaze kwenda zake, kama ukuta wa mawe unavyokutupia joto usoni baada ya jua kutua, ingawa hujaugusa. Lakini bamba hilo hilo hupigwa na jua kali lisilochujwa na wingu wala vumbi. Kwa hiyo lilipakwa rangi nyeupe maalumu yenye kazi mbili: kuliachia joto la ndani na kulirudisha jua la nje. Rangi hiyo haitaki vumbi, haitaki kidole, haitaki mafuta. Masharti ya usafi yaliyotoka ng'ambo yalikataza hata manukato na moshi wa sigara.

Kasha lilipokamilika karakanani Kismayo lilikuwa jeupe, limefunikwa kitambaa cheupe, na mafundi wakawa wanaliita Bi Arusi. Sikuona ubaya wa jina hilo. Hakuna aliyeona.

Mwaka 2023 Thuraya na Marwa, mtaalamu wetu wa programu, walisafiri kulipeleka kasha kwenye kituo cha majaribio. Huko waliliingiza ndani ya tangi kubwa, hewa yote ikanyonywa, taa yenye ukali wa jua ikawashwa. Kikomo cha joto la kompyuta kilikuwa nyuzi themanini na tano. Kwa hesabu za Thuraya, ingepanda mpaka sabini na sita na kutulia. Ilipita themanini, ikapita tisini, ikajizima yenyewe.

Msimamizi wa majaribio, mtu mwungwana lakini mwenye ratiba, aliwaeleza hali ilivyo. Roketi ilikuwa na tarehe yake. Kulikuwa na nafasi ya jaribio moja zaidi. Kasha letu likishindwa, mahali pake patachukuliwa na kasha jingine lililokwisha kupita, zuri kwa kupiga picha za mawingu, lakini halisikii mtu. Visiwa vingekaa kimya kama vilivyokaa siku zote.

Thuraya alilitoa bamba na kulitazama chini ya taa. Halikuwa jeupe tena. Lilikuwa na umanjano hafifu, ule wa kanzu iliyokaa miaka mingi sandukuni. Alikwenda kwenye sanduku la safari, akainua sifongo iliyolizunguka kasha, akainusa. Kisha akampigia simu Fundi Zakir, mkuu wa karakana yetu, mtu wa Kismayo kwa baba na kwa mama, ambaye mikono yake haijawahi kuacha skrubu imelegea. Marwa alikuwa kando yake na ndiye aliyenisimulia.

“Kaka Zakir,” akasema baada ya salamu, na salamu hazikuwa za jumla. “Mlimfukiza?”

Zakir akauliza hali ya hewa ya huko.

“Zakir.”

“Dada, Bi Arusi aondoke kwao bila udi? Watu wangesemaje?”

“Watu gani? Ni kasha!”

“Hata kama.”

“Udi gani?”

“Wa mawardi. Ule mzuri. Wa mke wangu.”

Thuraya akafumba macho. Udi wa mawardi una sukari na mafuta. Moshi wake hushika nguo kwa wiki nzima, na ndiyo sifa yake. “Kiasi gani?”

“Kiasi cha mtoto wa pekee.”

Marwa anasema hapo Thuraya aliketi chini kwenye sakafu ya kituo kile safi, akiwa na vazi lake jeupe na kofia ya kufunika nywele, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye yale machozi yakaendelea ingawa kicheko kilikuwa kimekwisha.

Hapakuwa na njia rahisi. Rangi ile ina vitundu kama chokaa, na moshi ulikuwa umezama. Kuifuta kwa spiriti kulisaidia kidogo tu. Kupaka upya kungetaka wiki nyingi za kukauka. Kismayo nako habari zilifika kwa wakubwa, na kukawa na sauti kwamba Zakir aondolewe. Thuraya aliandika kutoka ng'ambo kwamba aliyesimamia kufungwa kwa kasha ni yeye mwenyewe, na kwamba waliotunga masharti walifikiria moshi wa sigara, hawakufikiria mapenzi. “Mwenye kosa la mapenzi huelekezwa, hafukuzwi,” aliandika. “Tena nani mwingine atakayenifungia kasha hili nikirudi nalo?” Zakir alibaki. Katika taarifa yake kwa msimamizi Thuraya hakuficha kitu: alilitaja neno udi, akaeleza ni nini na hutumika wapi, akamwachia na kipande kimoja anuse. Yule bwana alikipenda, akakipeleka kwake, akakichoma sebuleni, na king'ora cha moto kikawatoa nje wapangaji wa jengo zima. Kwa maelezo ya Marwa, tangu siku hiyo alituonea huruma zaidi.

Usiku ule na asubuhi yake Thuraya alirudia swali moja: doa hili linafanya nini hasa? Halizuii joto kutoka. Bamba liliangaza joto vile vile kama zamani. Lilichopoteza ni uwezo wa kulirudisha jua. Basi doa linadhuru juani tu. Na satelaiti hii, katika kila mzunguko wake, huingia kwenye kivuli cha dunia na kukaa humo zaidi ya theluthi ya safari.

Akamwendea Marwa, ambaye humwita Eddo, kama vijana wa Kismayo wanavyowaita shangazi zao. “Mwanangu, mji wetu hufunga maduka saa ngapi?”

“Adhuhuri, Eddo.”

“Na kufungua?”

“Jua likipoa.”

“Kuna aliyekufa njaa?”

Marwa alielewa kabla ya sentensi kwisha. Kusikiliza hakuna joto kubwa. Kinachochemsha kompyuta ni kuchambua. Basi juani isikilize na kuweka akiba, kisha ikiingia kivulini ichambue yote. Walipomweleza msimamizi alifurahi. Kwa hesabu hiyo kasha lingepita kwa raha, na yeye angekwenda nyumbani mapema.

Thuraya ndiye ambaye hakuridhika. Satelaiti ikiwa juu ya visiwa mchana, iko juani. Ujumbe wa mchana ukingoja kivuli, satelaiti itakuwa imeshavuka upande mwingine wa dunia, na utashuka Kismayo itakaporudi kupita kwetu, baada ya saa nyingi. Salamu zinaweza kungoja. Mtu ambaye chombo chake kinaingia maji hangoji. Akataka ishara ya hatari ichambuliwe hapo hapo, jua liwe kali namna gani, na akataka ijaribiwe hivyo hivyo ndani ya tangi.

Msimamizi alimwomba aache. Alimweleza, na alikuwa sahihi, kwamba ombi hilo ndilo pekee lililoweza kuliangusha kasha mara ya pili. Ishara za hatari ni nadra. Kwa nini kuhatarisha kazi ya miaka mitatu kwa ajili ya jambo linaloweza kutokea mara moja kwa mwaka? Lipite kwanza, lirushwe, mengine yafuate. Hata Marwa alimwangalia kwa macho ya kumsihi.

“Watu wetu hutoka mchana,” Thuraya alimjibu. “Kasha lisilosikia mchana litamsikia nani? Kama ni kupiga picha za mawingu, hilo jingine linapiga vizuri kuliko letu.”

Wakaifanya. Taa ikawashwa, kompyuta ikatulia kwenye sabini na nne, imelala usingizi wake wa adhuhuri. Kisha Thuraya mwenyewe akabonyeza kitufe cha redio ya mkononi na kutuma ishara ya hatari. Kompyuta ikaamka. Sabini na nane. Themanini na moja. Marwa anasema msimamizi aliacha kuandika. Themanini na tatu, ikakaa hapo. Maneno yakatokea kwenye kioo, yote, hakuna herufi iliyopotea. Na joto likaanza kushuka.

Kasha lilirushwa mwaka uliofuata. Zakir alitazama urushaji kwenye televisheni ya ukumbini akiwa amekunja mikono nyuma, na wenzake wakamkagua mifuko kama ana udi. Masharti yetu ya usafi sasa yana neno moja zaidi, kwa Kiswahili, na nasikia mashirika yale mawili ya ng'ambo nayo yameliandika kwao kama lilivyo.

Ramadhani iliyopita, saa sita mchana, chombo cha Chovai kilizimika mashine kikiwa kimepasuka ubao, nje ya miamba. Mlikuwamo watu watatu, na mmoja wao alibonyeza redio. Kasha lilikuwa linapita, lilikuwa juani, na lilikuwa limelala. Likaamka. Ujumbe ulifika Kismayo kabla hawajamaliza kuyatoa maji yaliyoingia chomboni, na mashua ya Koyama iliyokuwa karibu ikaelekezwa. Walifuturu kwao.

Fundi wa zamu alimpigia Thuraya nyumbani kumpa habari njema: joto lilifika themanini na mbili, mtambo salama. Thuraya akamkatiza akauliza wale ni nani. Fundi hakuwa ameuliza. Akaambiwa akate simu, aulize, kisha apige tena. Na alipopiga tena akamsomea majina, kila mmoja na la baba yake. Ndipo Thuraya akasema, “Haya, sasa niambie hilo joto.”

Kwa niaba ya shirika, na kwa niaba ya wale ambao hawana habari kwamba walikuhitaji, tunakushukuru, Bi Thuraya. Tunakushukuru kwa mashine ulizozipepea na kwa watu uliowatetea. Tunamshukuru dada yako Swabra, ambaye kwa miaka yote hii aliitunza nyumba ya Koyama ukiwa kazini, na ambaye sasa unakwenda kukaa naye. Idara inabaki kwa Marwa, na sisi tulioiona kazi yake hatuna wasiwasi.

Unarudi mahali ambapo wengi wetu tumebaki kupataja tu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe utulivu, na akujaalie majirani wapole wanaopenda kusalimia kirefu. Ukifika Koyama, bonyeza redio ututumie neno moja. Hata likiwa la mchana, na hata likichelewa mpaka kivuli, tutalisikia.

Mbwana Rashad
Ofisi ya Mombasa